Mtani na Sauti ya Bibi Mwamvita

Mtu akiniuliza ni lini nilianza kumpoteza Mudathir, sitamtajia ile Jumatatu ya polisi. Nitamwambia ni siku ya tatu ya msiba wa bibi yangu, saa kumi alasiri, nikiwa nimekaa mkekani Tandika katikati ya wanawake wa ukoo, nacheka mpaka kanga imenivuka kichwani.

Najua mtaniona sina adabu. Subirini kwanza mjue nilikuwa nacheka nini.

Mudathir alikuwa mchumba wangu. Ni Mnyamwezi aliyezaliwa na kukulia Tabata, mrefu, mwendo wa taratibu, na yale macho yake malegevu yanaweza kukudanganya kwamba hayaoni kitu. Kazi yake ni kupiga video za harusi. Tulijuana kwenye harusi ya binamu yangu Mbagala, aliponirekodi nimejaza pilau mdomoni, kisha akaitafuta namba yangu na kunitumia kile kipande kwa ustaarabu kabisa, akiomba ruhusa kabla hajakiweka kwenye video ya maharusi. Nilimgombeza kwenye simu nusu saa nzima. Tulipomaliza nilikuwa nimeshampenda, na mpaka leo sijui ilikuwa dakika ya ngapi.

Mbali na harusi alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, Mtani wa Mtaa. Humo aliwaigiza watu wa uswahilini kwetu kwa sauti anazozitengeneza kwa akili mnemba: mwenye nyumba anayegonga mlango alfajiri, fundi cherehani anayeapa gauni liko tayari wakati kitambaa hajakikata. Unasikia sauti ya mtu yuleyule unayemjua, inasema yale ambayo mwenyewe asingethubutu kuyasema. Watu walicheka, na wengi wa walioigizwa walicheka zaidi.

Sasa, sisi ni Wazaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hana mtu mwingine. Anaweza kulala mbele ya jeneza akalizuia lisipite. Anaweza kuvaa kanga ya marehemu, akaiga alivyotembea na alivyokohoa, akadai urithi mbele ya watoto wa marehemu, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anamtoa mtu kwenye kilio kwa nguvu.

Bibi Mwamvita alipofariki, Mudathir alikuwa Dodoma kwenye harusi ya watu. Sie huwa hatulazi maiti, tulimzika siku ileile, na mtani wake hakuwepo. Jambo hilo lilimkaa vibaya. Alinipigia jioni, akaniomba nimtumie zile sauti za Bibi zilizomo kwenye simu yangu. Nilikuwa nazo zaidi ya arobaini. Bibi hakujua kuandika ujumbe lakini alijua kubonyeza na kusema, na katika nusu ya sauti zile alikuwa ananiomba nimpenyezee sukari guru bila watu kujua. Nilizituma zote. Sikumuuliza za nini, kwa sababu nilikuwa nalia, na kwa sababu ni yeye.

Siku ya tatu akatuma video ya dakika nne kwenye kundi la ukoo, akaiweka na ukurasani kwake. Alianza kwa sura yake mwenyewe, kofia kichwani. "Mie mtani wenu Mudathir, mwana wa Tabora. Nimekosa kuzika, sijakosa kutania. Sauti mtakayoisikia nimeitengeneza mie, msije mkakimbia." Kisha ikaja sauti ya Bibi. Ilikuwa yenyewe, na kile kikohozi chake kifupi.

"Mwenzenu nimeshafika, na njia ya huku haina mashimo. Mfaume mwanangu, umenibania sukari mpaka nimekufa na kiu ya chai. Ondoa vitanda vyako ukumbini kwangu, nyumba hii sikuachii wewe. Nawaachia watani zangu wa Tabora, maana wao wakija huja na asali."

Mkeka mzima uliangua kicheko. Shangazi Somoe, aliyekuwa hajala tangu mazishi, alicheka akalia, akalia akacheka, kisha akaomba uji. Nilijivunia mchumba wangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Baba mdogo Mfaume hakuicheka kwa sababu hakuiona. Anatumia kitochi, simu isiyoonyesha video. Na katika watu themanini na kitu wa kundi lile, nikiwamo mimi, hakuna aliyekumbuka kumsogezea simu.

Huyu Baba mdogo ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, na ndiye walii wangu. Bila neno lake ndoa yangu haifungwi. Anachonga vitanda Keko. Bibi aliugua kisukari miaka sita, na kwa miaka hiyo sita ni mkono wa Baba mdogo uliomchoma sindano asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni akirudi. Ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kliniki mguu ulipooza. Sukari alimbania kweli, kwa amri ya daktari, na kila kijiko alichomnyima kilimuuma yeye kwanza.

Siku ya thelathini na tatu ya msiba, mtu ambaye hatujamjua mpaka leo aliikata ile video. Aliitupa sura ya Mudathir, akaitupa Tabora na asali yake. Akabakisha sekunde kumi na tisa za mama anayemwambia mwanawe kwamba alimbania sukari mpaka amekufa na kwamba nyumba hamwachii. Juu yake akaandika: MAMA AMWAGA SIRI KABLA YA KUFA, MWANANGU ALININYIMA CHAKULA.

Ilikimbia. Mimi nafundisha chekechea Mtoni, na mwalimu mwenzangu alinionyesha asubuhi wakati wa uji, akisikitika, hajui kama ni nyumbani kwetu. Jioni ile mteja mmoja wa Keko alimrudishia Baba mdogo kitanda, akasema hawezi kulalia mikono ya mtu aliyemuua mama yake kwa njaa. Wiki ikaisha hajaenda msikitini. Hakumgombeza mtu. Alikuwa anakaa tu.

Ndoa yetu ilikuwa ifungwe Ijumaa ya pili baada ya arobaini. Ijumaa ile ilikuja ikapita, hakuna aliyeitaja. Kisha Baba mdogo akavaa kanzu yake, akaenda polisi kufungua shauri, na tukaitwa Jumatatu saa nne asubuhi, mimi na Mudathir.

Jumapili yake nilikwenda Tabata.

Fremu anayofanyia kazi ilikuwa wazi, kompyuta inaunguruma, na mama wa duka la mbele ameshatega kiti chake atuone vizuri. Mudathir alisimama aliponiona. Alikuwa amekonda. Hatukushikana mikono, maana mtu na mchumba wake mchana kweupe hawashikani, lakini alilichukua lile feni lake dogo akalielekeza kwangu, na yeye akabaki anatoka jasho. Hicho ndicho alichoweza kunifanyia siku ile.

"Umekuja kunitazama au kuniaga?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekuja kumtaka aifute ile video ya dakika nne ukurasani kwake, kabla ya kesho, ili nimwambie Baba mdogo kwamba ameifuta. Labda moyo wake utalegea.

Aligeuza kioo cha kompyuta nione. Ile ya kwake, yenye sura yake na kofia yake, ilikuwa imetazamwa na watu elfu mbili. Ile iliyokatwa ilikuwa kurasa nyingi, na ukurasa mmoja tu ulikuwa na watu laki nne.

"Nikifuta hii, itabaki ile peke yake," akasema. "Hii ndiyo inayosema mie ndiye niliyetengeneza. Hii ndiyo yenye Tabora na asali. Mtu akitaka kujua Bibi alimaliziaje, ataipata wapi?"

"Baba mdogo hajui habari za laki nne. Atakachojua yeye ni kwamba umekataa kufuta."

"Nimekwenda Keko mara tatu, Nusaiba. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, anaendelea kupiga randa. Nasimama mpaka vumbi la mbao linanijaa masikioni. Narudi."

Hapo hasira zikanipanda, na hasira zangu hazichagui. Nikamwambia ni bora wapige marufuku mchezo wote, wafunge kila ukurasa, mtu asiruhusiwe kugusa sauti ya mwenziwe maisha. Nikasema ningekuwa mimi ndiye mwenye sheria ningeanza na yeye.

"Wote?" akauliza, taratibu. "Na yule mwenye kisima? Wiki tatu katufungia maji, kila mtu anamwogopa, mpaka nilipoitengeneza sauti yake ikajisema mtandaoni. Jioni ileile maji yakafunguliwa. Si ulicheka wewe, ukaniita shujaa? Wakipiga marufuku, kichekesho kile nacho kinakwenda."

"Mwenye kisima alikuwa hai, Mudathir. Angeweza kuja hapa akakutukana. Bibi yangu alikuwa na siku mbili kaburini."

Alikaa. Aliiweka mikono yake juu ya meza akaitazama.

"Hapo umenishinda," akasema. "Unajua mie nakesha na hili? Nautafuta mpaka wa utani, ungetakiwa kuwekwa wapi. Nikiuweka huku, yule maskini hana tena pa kumsema mwenye nguvu. Nikiuweka kule, namwona baba'ako amekaa. Ukinionyesha pa kuuweka, nitauweka leo."

Sikuwa na pa kumwonyesha. Yule mama wa mbele akakohoa kutukumbusha kwamba yupo.

Ndipo Mudathir akaegemea kwangu kidogo, akashusha sauti. Kesho watakapouliza sauti za marehemu alizipata wapi, alisema, mimi nisijibu kitu. Nikamwambia nilimpa mimi, kwa mkono wangu.

"Nani alikuona?" akasema.

"Mie nilijiona."

"Basi jione kimyakimya. Ishu hii haihitaji watu wawili."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Bodaboda yangu ilipoondoka niligeuka, nikamwona bado amesimama, mkono mmoja juu ya kichwa, kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilitaka kumwambia dereva arudi. Ningerudi kusema nini?

Nilimkuta Baba mdogo ukumbini Tandika. Pembeni yake, kwenye ukuta, kilisimama kitanda cha mninga alichokuwa anatuchongea sisi. Miguu ilikuwa tayari, mbao za ubavuni tayari, sehemu ya kichwani hakuna. Alikiacha wiki ile kipande cha video kilipoanza kutembea.

Nilipiga magoti. Nikamwambia yote kwa mkupuo: sauti nilizitoa mimi, habari ya sukari nilimsimulia mimi, Mudathir alifanya utani kama mtani yeyote angefanya, aliyekata ni mtu mwingine. Nikamkumbusha kwamba mtani wetu mwingine, Mzee Albano, kwenye msiba wa baba yangu alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka, na Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemvuta miguu huku anacheka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kunikata kauli tangu niko mdogo.

"Albano alikuja na mdomo wake," akasema. "Alinitukana nikamwona. Nikampa maji ya kunawa, tukala sahani moja. Huyu kijana wako alikuja na mdomo wa mama yangu."

Nikasema ni utani tu, baba.

"Unajua niliisikia wapi? Kijiweni, kwenye kahawa. Simu ilikuwa mfukoni mwa mtu, nyuma yangu. Nikasikia, 'Mfaume mwanangu.' Nusaiba, niliitikia. Nilisema, 'Naam, mama,' nikageuka na kikombe mkononi. Watu wote wakaniona ninavyogeuka. Halafu ndiyo yakaja hayo mengine."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza alivyonunua mbao. Mimi ndiye niliyeshindwa kujizuia. Nililia mpaka nikakosa pumzi, na yeye akanipa ile taulo yake ya begani nijifute, imejaa harufu ya vanishi.

Nilikuwa na jambo moja la mwisho. Katika sauti zile arobaini na kitu ilikuwapo moja ambayo sikutaka aisikie mtu, kwa sababu ilinihusu mimi na makosa yangu. Niliitafuta, nikaiweka simu kwenye goti lake, nikabonyeza. Bibi akasema, na nyuma yake kuku wetu wanasikika:

"Nusaiba mjukuu wangu, usiniletee tena sukari guru. Mfaume kaiona jana chini ya mto. Hakunisema, alikwenda uani akalia. Mtoto wa kiume analia kwa ajili ya kijiko cha sukari. Mungu ampe pepo mwanangu yule."

Aliinama juu ya simu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliona uso wake unafunguka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumepona. Niliiona mpaka ndoa.

"Rudia," akasema. Nikarudia.

Kisha uso ukafunga tena. Nilikuwa nautazama unavyofunga.

"Kijana fundi huyu," akasema. "Hata kuku kawaweka."

"Baba, hii ni yeye. Hii ni ya kweli, ni ya mwaka juzi, tarehe hii hapa."

"Na ile ina tarehe."

"Kulia kwako nani angekujua? Ulikuwa wewe na yeye."

"Na wewe, mama hakuwa anakuficha kitu. Si ulikuwa unamsimulia kijana wako kila kitu? Hata la sukari umesema ulimsimulia wewe." Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa upole, na upole wake ulinitia hofu kuliko angenipiga. "Nimetamani iwe kweli mpaka kifua kinauma. Ndiyo maana siwezi kuiamini. Mtu akitaka kunitengenezea kitu, si angenitengenezea hiki?"

Niliapa. Niliapa kwa Mungu, kwa kaburi la baba yangu, kwa macho yangu. Alitikisa kichwa tu, si kwamba ananiona mwongo. Aliona kwamba nami nimedanganywa, kwamba Mudathir amenipa sauti hii siku ileile Tabata ili imwokoe. Kila nilipofungua mdomo kumtetea Mudathir nilizidi kumchimbia.

Alipoinuka kwenda kutawadha, alisimama mlangoni. Akaniambia hilo la kumpa mtu sauti limeishia humu ukumbini. Kesho mimi sijui lolote. Hatampeleka mtoto wa kaka yake mahabusu kwa ajili ya Mnyamwezi.

Jumatatu tulifika kabla ya saa nne. Mudathir alikuwa ameshafika, amevaa lile shati la bluu alilolivaa siku walipoleta barua ya posa. Alimpa Baba mdogo shikamoo, akaitikiwa. Mimi alinitazama kidogo tu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dakika nne hazipo tena. Watu wengi waliulalamikia ukurasa wake usiku, ukafungwa wote alfajiri, pamoja na fundi cherehani na mwenye kisima. Zile sekunde kumi na tisa zilikuwa bado zinatembea.

Aliyetuhoji ni mwanamke wa makamo, Afande Marietha, mwenye lafudhi ya Kanda ya Ziwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mkali. Nilitamani awe mkali nipate wa kumchukia. Alisikiliza habari za utani mwanzo mpaka mwisho, na palipofika kwenye asali alitabasamu, maana hata kwao wana watani wao.

"Naelewa kabisa," akasema. "Lakini hapa naulizwa mambo mawili. Sauti ni ya kutengeneza? Ndiyo. Nani katengeneza? Huyu. Fomu yangu haina mahali pa utani."

Nikamuuliza aliyekata je, aliyeandika yale maneno ya uongo juu yake. Akasema wanamtafuta, lakini kile kipande kimeshapita simu nyingi, anayeweza kupatikana haraka ni yule aliyejitaja jina mwenyewe. Nikamuuliza tena, je, mkimfunga huyu, kile kipande kitaondoka kwenye simu za watu? Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake. Alisema hawezi kunidanganya.

Ikafika kwenye sauti. Afande akamuuliza Mudathir alizipata wapi sauti za marehemu.

"Nilizichukua kwenye simu ya huyu dada," akasema. "Aliiacha mezani kwangu, nikajitumia. Yeye hakujua."

Nilifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Baba mdogo aliuweka mkono wake juu ya wangu, ule mkono mgumu wa randa.

"Ni hivyo hivyo, afande," akasema. "Mwanangu kaibiwa."

Nikawatazama. Watu wawili ambao kwa mwezi mzima hawakuweza kuzungumza neno moja zaidi ya salamu, leo walikuwa wanapokezana maneno kama waliofanya mazoezi, kila mmoja anaziba penye tundu alipoacha mwenziwe. Walikuwa wananiokoa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kuokolewa, na mimi nilijua nikisema ukweli namwongezea Baba mdogo aibu ya pili, na simwondolei Mudathir hata siku moja.

Afande Marietha aliandika muda mrefu. Kisha akageukia kwangu.

"Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

Kabla sijajibu akainua kalamu. Alinieleza polepole, nafikiri kwa huruma, kwamba nifikirie jibu langu. Kama huyu ni mchumba wangu, simu yangu itabaki pale, na maelezo yangu yatachukuliwa kama ya mshirika, si ya shahidi.

"Hana uhusiano naye," akasema Baba mdogo.

"Namuuliza yeye, mzee."

"Hakuna kitu, afande," akasema Mudathir. Alikuwa anaangalia ukutani, juu ya kichwa changu. "Nilipeleka barua kwao. Haikujibiwa."

Ilijibiwa. Niliwapikia mimi biriani walioileta, na jibu lilipotoka alinipigia simu usiku akashindwa kusema, akawa anacheka tu, nami nikawa nacheka, mpaka Shangazi Somoe akagonga ukuta. Aliifuta siku ile mbele yangu kwa maneno mawili ili mimi nirudi nyumbani.

Afande alitutazama mmoja mmoja. Sidhani kama alidanganyika. Kalamu ilibaki hewani.

Baba mdogo akanigeukia, na akaniuliza kwa ile sauti ambayo walii humuulizia mwali, hakuwa na sauti nyingine ya kuulizia jambo kubwa.

"Nusaiba, mwanangu. Umeridhia iandikwe hivyo?"

Kwetu mwali akiulizwa kama ameridhia hajibu kwa mdomo. Anainamisha kichwa, ananyamaza, na kimya chake kinahesabiwa ndiyo. Mimi kimya hicho nilikuwa nimekifanyia mazoezi tangu barua ya Mudathir ilipojibiwa, peke yangu mbele ya kioo, ushungi usoni, nikijua nitakitumia siku moja tu maishani.

Mudathir aliacha kuangalia ukuta, akaniangalia mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Niliinamisha kichwa, nikanyamaza. Afande Marietha akaandika.